Mshale na Alama Nyekundu

Kitambaa changu cha kupangusia hakikukauka. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona, kabla ya kifo na kabla ya polisi, na kwa kuwa kilikuwa kitu kidogo sikumwambia mtu.

Kila asubuhi kabla ya saa mbili nilikuwa nikifagia chumba cha simu ya upepo katika Hospitali ya Misheni ya Kiamucheru, juu ya Othaya. Nilipangusa meza, kisha dirisha, kisha mashine mbili zilizokaa mezani. Nikimaliza nilitandaza kitambaa juu ya ile mashine kubwa waliyoiita amplifaya, ambayo mgongoni ilikuwa na meno ya chuma kama kitana. Saa mbili Theuri, fundi wetu, aliingia akaziita zahanati zetu nane moja baada ya nyingine, na alipomaliza meno yale yalikuwa na joto kama kikombe cha chai. Saa nne nilirudi nikakikuta kitambaa kikavu.

Jumanne ile nilirudi nikakikuta kimelowa vile vile nilivyokiacha. Jumatano hivyo hivyo. Alhamisi mama mmoja aliyeitwa Ngendo alikufa.

Inspekta Kinoti alifika Jumamosi asubuhi kutoka Nyeri, mvua ikinyesha. Alikuwa mtu wa Meru, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na koti lake la mvua alilivulia nje ili asiloweshe sakafu niliyokuwa nimeipiga deki. Bwana Gatimu, katibu wa hospitali, aliniambia nikae karibu na mlango nilete chai na chochote kitakachoitishwa. Nilikaa pale. Watu walikuwa wamezoea kunisahau nikiwa chumbani, na mimi nilipenda hivyo.

Inspekta hakugusa kitu. Alisimama mbele ya mashine akaandika katika kijitabu chake kila kitufe kilivyokaa na kila swichi ilivyoelekea. Aliandika kwa muda mrefu hata Bwana Gatimu akaanza kukohoa.

"Bwana Inspekta, mtu tayari mko naye ndani. Hii yote ni ya nini?"

"Niko na karatasi mbili," Inspekta alisema. Alizitoa mfukoni akaziweka mezani sambamba. "Hii ni ya Sista Watiri wa zahanati ya Kariki, kule kando ya msitu. Anasema Alhamisi saa tisa na dakika kumi aliita hapa. Mama alikuwa anatokwa na damu na mtoto hajazaliwa. Aliita mara nne, hakuna aliyemjibu. Hii nyingine ni ya Theuri. Anasema alimsikia, akamjibu mara tatu: gari linakuja, msiondoke hapo. Mmoja wa hawa ananidanganya."

"Na tunamjua," Bwana Gatimu alisema. "Ako na chumba Majengo, anatengeneza redio za watu na vipaza sauti vya harusi. Polisi wenzako wamepata transista mbili kubwa chini ya kitanda chake. Zilitoka wapi, kama si ndani ya hii mashine? Aliitoa nzuri akauza, akaweka takataka."

Inspekta alilivuta daftari la simu akalisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari. Najua kilichoandikwa humo kwa sababu nilikuwa nalipangusa kila siku. Kila asubuhi Theuri aliandika, *Mshale: sawa*. Jumanne aliongeza, *Kariki kimya. Betri yao?* Jumatano, *Kariki kimya tena. Betri mpya iende Ijumaa.* Na Alhamisi, kwa mwandiko wa haraka, *9.10 Kariki anaita, sauti iko mbali sana. Nimejibu x3. Gari limetoka 9.25.*

Gari lilitoka kweli. Lilipanda kwa barabara kubwa, tope mpaka magurudumuni, likafika Kariki likakuta mlango wa zahanati wazi na benchi tupu. Kwa kuwa hawakusikia jibu, Nderitu mumewe Ngendo na majirani walikuwa wamembeba kwa machela wakashuka njia ya mkato ya msituni. Alijifungua karibu na daraja la miti. Mtoto wa kike alipona, akaletwa kwetu. Nepi zake nilikuwa nazifua mimi.

Nilikuwa nimeshika kitambaa changu, na bila kufikiri nikakitandaza mahali pake pa kila siku. Inspekta aliinua macho.

"Wewe, msichana. Jina?"

"Murugi."

"Kwa nini unakiweka hapo?"

"Kikauke."

"Na kinakauka?"

"Kilikuwa kinakauka. Tangu Jumanne hakikauki."

Bwana Gatimu alicheka. "Sasa tumeanza kupeleleza matambara."

Inspekta aliandika. Akauliza, "Jumatatu kilikauka?"

"Ndiyo."

"Una hakika?"

"Jumatatu kilikuwa kikavu, nikapangusia viatu vya mapainta. Walikuwa wameingia na rangi."

Alinitazama kidogo kisha akafunga kijitabu. "Nileteeni Theuri," alisema.

Askari Mutahi alimleta kabla ya saa sita. Theuri alikuwa amekaa ndani siku mbili tu lakini shati lilikuwa limemkaa kama la mtu mwingine. Alinisalimia kwa kichwa. Pingu zilifunguliwa mkono mmoja.

"Usijaribu kupaa hewani kama sauti yako," Mutahi alimwambia. "Mimi sina mbio ya kufuata mawimbi."

"Ungekuwa na mbio hungekuwa na hilo tumbo," Theuri alisema, na wote wawili wakatabasamu kidogo, kisha wakakumbuka walipo.

Inspekta alimwonyesha mashine. "Bwana Gatimu anasema humu ndani hakuna transista ya maana. Nionyeshe kwa njia ambayo hata mimi nitaelewa."

Theuri aliinama chini ya meza akatoa mkebe wa mafuta ya kupikia, ule wa kilo nne, wenye mdomo wa waya juu. "Hii nilitengeneza mwenyewe. Ndani ni mafuta na kizuizi cha umeme. Mashine ikiunganishwa na huu mkebe inadhani imeunganishwa na eriali nzuri sana. Nguvu yote inaishia hapa ndani kwa mafuta, hairudi, haiendi kwa mtu. Mashine ikiwa mbovu, hapa itajulikana. Ikiwa nzima, mshale utafika kwa nyekundu."

Kwenye kioo cha mita kulikuwa na alama nyekundu. Theuri aliipaka mwaka juzi kwa rangi ya kucha aliyopewa na Sista Watiri, kwa sababu maandishi ya mita yalikuwa ya Kiingereza na wengi wetu hatukuyasoma. *Mshale ukifika kwa nyekundu, watu wetu wanatusikia.* Hivyo ndivyo alivyowaambia madaktari, madereva na wauguzi wa zamu. Hata mimi aliniambia.

Alichomoa waya wa eriali, akaunganisha mkebe, akashika kipaza sauti akabonyeza kitufe cha ubavuni.

Mshale haukusogea. Ulilala chini kabisa.

"Haya," Bwana Gatimu alisema.

Theuri alibonyeza tena. Aliinama karibu na mita mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, kisha macho yake yakashuka kwenye swichi ndogo iliyokuwa chini ya mita, yenye herufi mbili, F na R.

"Nani ameweka hii hapa?"

"Ndivyo nilivyoikuta," Inspekta alisema. Alifungua kijitabu akamwonyesha. "Niliandika kabla sijagusa kitu. R."

"Hii hukaa kwa F. Siku zote." Theuri aliigeuza kwa ukucha, akabonyeza. Mshale ulipanda polepole ukasimama sawasawa kwenye alama nyekundu, ukatulia. Aliendelea kubonyeza, dakika moja, dakika tatu. "Murugi, gusa hayo meno."

Nilisogea nikagusa. Yalikuwa yanapata joto. Kitambaa changu kilikuwa bado juu yake na kilianza kunuka sabuni, vile kinavyonuka kikianza kukauka.

"Basi ni nzima," Inspekta alisema.

"Ni nzima. Zile za Majengo ni za kipaza sauti cha kanisa, uliza mzee wa kanisa, risiti iko naye."

"Sasa rudisha eriali."

Theuri alirudisha waya wa eriali, akabonyeza. Safari hii mshale ulipanda kidogo tu, kama mtu anayetaka kuamka akashindwa. Swichi ilikuwa F. Theuri aliutazama, kisha taratibu akaigeuza kwenda R. Mshale ukaruka mpaka kwenye alama nyekundu ukasimama pale, imara.

Mvua ilisikika juu ya mabati.

"Nieleze," Inspekta alisema.

Theuri alikaa. Aliongea na mikono, pingu ikining'inia. "Ndani ya amplifaya kuna sehemu inayojipima. Wewe umewahi kuona mama akichemsha maziwa? Hatoki hapo. Anaangalia. Yakishuka anasukuma kuni, yakitaka kumwagika anavuta kuni nje. Basi humu ndani iko hivyo. Inaonja kidogo ile nguvu inayotoka, inalinganisha na kiasi nilichoiwekea. Ikipungua inaongeza, ikizidi inapunguza. Hakuna mtu anayeigusa, inafanya yenyewe, haraka kuliko macho. Ndiyo maana mshale wetu huwa umetulia hapo siku zote, hata betri zikichoka kidogo."

"Na leo?"

"Inaangalia kitu kingine pia. Nguvu ikipelekwa kwa eriali na eriali ikaikataa, inarudi nyuma. Ikirudi nyingi inachoma transista. Kwa hivyo mashine ikiona inarudi, inavuta kuni. Inapunguza mpaka ile inayorudi iwe kiasi ambacho haiwezi kuiua. Inajiokoa. Badala ya wati ishirini na tano, pengine inatoa tatu. Othaya watakusikia. Kariki, nyuma ya mlima, hawawezi."

"Lakini wewe ulimsikia Sista."

"Yeye alikuwa anaongea na nguvu yake yote. Ikafika hapa imechoka, lakini ikafika. Mimi nikamjibu na wati tatu." Aliigusa mita kwa kidole. "Niliposikia sauti yake nilijua betri yao si mbovu. Nikatazama mshale. Uko kwa nyekundu. Nikasema basi ananisikia."

"Kwa sababu swichi ilikuwa R."

"F ni inayoenda. R ni inayorudi. Na upande wa R mita hupima vitu vidogo, wati mbili inaonekana kama ishirini. Nilikuwa natazama ile inayorudi, Bwana Inspekta. Siku tatu nimeandika sawa, natazama ile inayorudi."

Walitoka nje kuangalia waya, nami nikawafuata na mwavuli wa hospitali. Haikuchukua muda. Ukuta wa mbao ulikuwa umepakwa rangi mpya ya krimu kwa ajili ya ufunguzi wa wodi, na waya mweusi wa eriali, ambao zamani ulishikwa na vibanio vya Theuri, sasa ulikuwa umepigiliwa kwa misumari ya seng'enge, ile iliyopindwa kama kwato. Theuri alipanda ngazi. Msumari wa nne haukuwa umeukumbatia waya. Ulikuwa umeingia ndani yake. Alipouvuta, maji yalitoka kwenye tundu, matone matatu, manne.

"Mapainta walimaliza lini?" Inspekta aliuliza.

Bwana Gatimu alitazama viatu vyake. "Jumatatu jioni. Niliwaambia warudishe kila kitu kama walivyokuta."

"Na Jumatatu usiku mvua ilianza," Inspekta alisema. "Jumanne kitambaa cha huyu msichana hakikukauka." Aliniangalia kama mtu anayenishukuru. Nilitazama chini.

Nderitu alikuwa amekaa kwenye benchi la nje ya wodi ya watoto, mahali alipokaa tangu Alhamisi. Alikuwa amesikia. Alisimama akaja polepole kwenye mvua, kofia mkononi.

"Mzee, samahani," alimwambia Inspekta. "Niko na swali moja tu. Alijibiwa?"

Inspekta alimtazama usoni. "Alijibiwa. Mara tatu. Haikuwafikia."

"Walisema nini?"

"Gari linakuja. Msiondoke hapo."

Nderitu alitikisa kichwa kama mtu anayehesabu. "Kwa njia alikuwa ananiuliza. Wamesema nini hospitali? Nikamwambia hawajasema kitu. Akauliza tena pale darajani. Nikamwambia hivyo hivyo." Alivaa kofia, akaivua tena. "Kumbe walisema."

Alirudi akasimama mlangoni mwa chumba cha simu, chini ya paa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwondoa.

Theuri alikata waya palipooza, akazikwangua ncha mbili kwa kisu. Alipokuwa akifanya hivyo, Inspekta alisimama chini ya ngazi na kuongea kwa sauti ile ile ya chini.

"Wizi umeondoka. Nitaandika hivyo. Lakini umeniletea kitu kibaya zaidi, Theuri. Msumari uliharibu waya, sawa. Mashine ikajiokoa, sawa. Swichi ingebaki F ungeona mshale umeshuka, ungepanda hapa Jumanne, na yule mama angejibiwa. Mtu aligeuza ile swichi. Mtu alitaka mshale uonekane mzuri. Ni nani hapa anajua maana ya F na R?"

"Ni mimi."

"Na ni nani mwingine?"

"Hakuna."

"Kuficha ni mbaya kuliko kuiba. Jumatatu hakimu atasikia hivyo."

Theuri hakugeuka. "Sikuigusa," alisema. "Siwezi kukuambia zaidi."

"Kwani ufunguo wa chumba uko na nani?"

"Na mimi. Asubuhi huwa naufungua kwa ajili ya kufagiwa, naenda kunywa chai." Alisema hivyo, kisha mikono yake ikasimama kwenye waya. Ilisimama kidogo tu, ikaendelea. Lakini mimi niliiona.

"Nimeshikilia hapa," alisema haraka. "Mtu abonyeze ndani tuone kama inashika."

Mutahi alikuwa ameshikilia ngazi. Bwana Gatimu alikuwa amekwenda. Inspekta aliingia chumbani, akairudisha swichi kwenye F, akanionyesha kipaza sauti. "Wewe, bonyeza hapo."

Nilikishika. Kitufe cha kipaza sauti kile kilikuwa kigumu, ilibidi ukisukume mbele kwanza ndipo ukibonyeze. Hakuna aliyeniambia. Kidole gumba changu kilikwenda chenyewe. Mshale ulipanda ukasimama kwenye alama nyekundu. Nilihesabu tatu moyoni, nikaachia, kama nilivyozoea.

Kikuza sauti kilikwaruza. Sauti ya Sista Watiri ikaingia chumbani, wazi, kana kwamba amekaa mezani.

"Kiamucheru, hapa ni Kariki. Nimesikia mtu amebonyeza, hasemi. Ni nani huyo?" Kikakwaruza tena. "Ama ni wewe, bubu wetu wa asubuhi? Tulidhani umetuacha. Tangu Jumanne hatujakusikia."

Inspekta Kinoti aligeuza kichwa polepole.

"Bubu wa asubuhi," alisema.

Sikujua kwamba wanasikia. Ndivyo ilivyokuwa. Nilidhani mtu asiposema hasikiki. Kila asubuhi, Theuri akiwa kwenye chai, nilikuwa nabonyeza mara moja tu, nione mshale ukiamka kwa ajili yangu na kusimama mahali pake. Niliacha shule darasa la tano. Hakukuwa na kitu kingine duniani kilichosimama nikikiambia kisimame. Na kule nyuma ya milima walikuwa wamenipa jina.

Theuri alikuwa ameshuka ngazi. Alisimama dirishani, maji yakimtiririka usoni, Mutahi nyuma yake.

"Ni mimi," alisema. "Hupima kidogo kabla ya kuanza. Ndiyo hiyo wanasikia."

"Ulisema unaenda chai."

"Napima, halafu naenda chai."

"Basi Jumanne ulipima," Inspekta alisema, "ukaona mshale umeshuka. Na swichi ukaigeuza."

Theuri alinitazama mara moja, akaondoa macho. "Andika hivyo," alisema.

Inspekta alichukua kijitabu. Kalamu ilikuwa imekauka wino, akaitikisa, akaijaribu pembeni ya ukurasa. Mlangoni Nderitu alikuwa bado amesimama na kofia yake. Kutoka wodini mtoto alilia, kile kilio chake chembamba cha siku mbili, kikanyamaza.

"Kiamucheru," Sista Watiri aliita tena, "uko hapo? Nijibu hata neno moja."

Nilisukuma kitufe mbele, nikakibonyeza. Mshale ulipanda. Inspekta aliacha kuandika. Safari hii sikuhesabu tatu.

"Sista, ni Murugi, yule wa kufagia. Jumanne nilibonyeza, mshale ukabaki chini. Nilidhani nimeiharibu. Niligeuza swichi nikaona umepanda kwa nyekundu, nikaiacha hapo. Theuri hakujua. Mshale ulikuwa umelala, Sista. Ni mimi niliyeuinua."